Mkuu, usisaini huo mkopo wa kwaya

Usisaini. Bwana asifiwe nitaitoa mwishoni nikikumbuka.

Mleta mada, nimesoma uzi wako mara mbili. Kwaya yenu inataka kurekodi albamu na video, waimbaji wengi ni wakulima na mama lishe, wewe ndiye peke yako mwenye ajira ya serikali, na kikao kimeona kwamba "unakopesheka". Halafu unatuuliza studio ya Dar au ya hapo mkoani, mtangulize nyimbo au video, na kama mdundo wa amapiano unafaa kanisani. Ndugu yangu, nyumba inaungua wewe unauliza rangi ya mapazia!

Hilo neno "unakopesheka" ndilo lililonitoa kitandani saa tano usiku. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, kwenye benchi la nyuma ya kanisa, Mbeya, mwaka 2019. Nikaona nimesifiwa. Kuku naye huwa anafurahi akiambiwa amenona.

Aliyeniambia alikuwa mlezi wa kwaya yetu, jina naliacha. Mzee wa suti, ana sauti ya kuhubiri hata akiagiza chai. Akanishika bega: "Mwalimu, Mungu hadaiwi. Wewe tanguliza, kwaya itarudisha." Akanisomea na Luka 6:38, wapeni watu vitu nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Sasa niwape ushuhuda: kushindiliwa nilishindiliwa, kusukwasukwa nilisukwasukwa. Kumwagika bado nasubiri.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Ndiyo, chekeni sasa ili baadaye mnisikilize. Hesabu niliipiga mwenyewe, na kwenye karatasi ilikaa vizuri kabisa. Mkopo 7,500,000, miezi 48, makato 216,000 kwa mwezi. Waimbaji 38, kila mmoja 6,000 kwa mwezi, jumla 228,000. Yaani mkopo unajilipa na chenji ya soda inabaki! Niliiandika ubaoni kwenye chumba cha mazoezi, watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu asipotoa. Kuuliza hivyo kwenye kikao kilichofunguliwa kwa maombi ni kuonekana umetumwa na adui.

Sasa fika benki. Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana ndipo nilipojichimbia shimo. Dada wa mikopo akauliza, mkopo ni wa nini? Nikasema kurekodi albamu ya kwaya. Akanitazama, akasema mkopo huu ni wako binafsi kama mtumishi, kwaya hatuitambui, niandike nini? Badala ya kuchukua bahasha yangu nikaondoka, nikasema andika ukarabati wa nyumba. Mkuu, nyumba yenyewe sina! Nilikuwa na msingi tu huko Iwambi, umeota magugu. Mkopo wa kumwimbia Mungu ulifunguliwa kwa uongo, na uongo wenyewe una sahihi yangu katika nakala tatu.

Yule dada alikuwa ameniambia ukweli wote kwa sentensi moja bila hata kuwa mlokole, nami sikusikia. Kwaya hawaitambui. Kwaya siyo mtu mbele ya sheria. Haina usajili wake, haina mali, hata vile viti vya plastiki mnavyokalia siyo vyake. Kanisa likitaka kukopa, lenye uwezo huo ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa kule RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndiyo yenye muhuri. Kwa hiyo wakikuambia "kwaya itakopa kupitia wewe", maana yake wewe ndiye unayekopa, wao watakuombea.

Na kanuni yangu ni hiyo moja tu, sina nyingine: PASIPO MUHURI WA KANISA, PASIWE NA SAHIHI YAKO. Iandike kwenye kiganja kabla ya kikao.

Mwezi wa kwanza walitoa watu 31. Nikafunika pengo, kidogo tu. Mwezi wa pili 19. Mwezi wa nne 7. Kufika mwezi wa saba tumebaki wawili, mimi na mama mmoja wa sauti ya pili anayeuza vitumbua stendi. Huyo alitoa kila mwezi mpaka makato yalipokwisha. Anafungua pindo la kanga, anahesabu sarafu na noti za mia tano zinazonuka mafuta, 6,000 kamili, halafu ananiuliza kama wenzake nao wametoa. Nadanganya, nasema wanatoa. Na nikwambie kitu: kwenye video yenyewe huyo mama anaonekana sekunde mbili. Nimezihesabu. Mpiga picha alimweka nyuma kwa sababu raba zake hazikuwa nyeupe kama za wengine.

Zilizorudi zote, miaka minne, ni 1,140,000. Benki ilichukua 10,368,000. Tofauti itoe mwenyewe, mimi nikiitoa mkono unatetemeka.

Kwa nini hawakutoa? Siyo wezi. Hapo ndipo hasira inanikosa mtu wa kumwangukia. Mmoja alifiwa, mwingine mahindi yalikosa bei, wawili waliolewa wakahama, mwenye besi yake akahamia kanisa lenye vyombo vizuri zaidi. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli kabisa. Ila sababu za watu 36 zilikutana zote kwenye slipu moja ya mshahara. Na Jumapili tunasimama mstari mmoja, tunaimba wimbo wa kwanza wa albamu, unaohusu msalaba, kiitikio kinasema deni limelipwa. Nilikuwa napiga sauti ya tatu huku nawaza, la nani?

Mlezi nilimfuata mara nne. Mara ya kwanza alisema tuombe. Mara ya pili alisema uzinduzi utarudisha kila kitu. Tukafanya uzinduzi, tukachinja, tukakodi mahema, mgeni rasmi akaja amechelewa saa tatu, akaahidi milioni 2. Kanisa zima lilisimama, akina mama wakamvika kitenge. Kitenge alikwenda nacho, ahadi hatujaiona hadi leo. Mara ya tatu mlezi akasema nina roho ya kuhesabu. Mara ya nne nilimkuta madhabahuni baada ya ibada, akaniambia mbele ya watu kwamba anayetaka kulipwa na wanadamu thawabu yake ameshaipata. Mzee huyo ana nyumba mbili za kupangisha na fremu za maduka. Hakutoa hata ile 6,000.

Na mimi mstari wangu niliukuta baadaye, umechelewa kama mgeni rasmi. Mithali 22:26 na 27 inaonya juu ya kuwadhamini watu kwenye madeni, kisha inauliza, kama huna cha kulipa, kwa nini wakuondolee kitanda ulichokilalia? Biblia hiyohiyo aliyonisomea yeye! Imo humo tangu zamani, kabla ya hapo alipofungua. Na Warumi 13:8 ni fupi kuliko kiitikio cha kwaya: msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana. Sikusoma, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa nina imani, na mtu akikuambia hivyo mbele za watu unaogopa kufunua kitabu usije ukapungukiwa.

Kilichoniumiza zaidi ni mwezi wa tisa wa makato. Binti yangu akachaguliwa kidato cha tano, bweni. Godoro, tranka, ndoo, shuka mbili, nauli hadi Iringa. Nikarudi benki, wakaniambia makato yameshafika mwisho. Mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi moja ya mshahara, na hiyo theluthi ndiyo niliyokuwa nayo mkononi, inapumua kwa shida. Basi nikaenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani, kausha damu, laki tatu, riba 30 kwa mia kila mwezi, nikaacha kadi ya benki na namba ya siri kwenye droo ya mtu nisiyemjua ukoo wake. Mimi, mzee wa kanisa mzima! Mshahara unatoka, yeye ndiye anakwenda mashine ya kutolea fedha, mimi nasubiri nje ya duka lake kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Mke wangu alijua hapo. Ndiyo, hapo, mwezi wa tisa. Hakupiga kelele. Msimu uliofuata alikwenda Iwambi na jembe akapanda maboga ndani ya msingi. Sebuleni tulivuna vizuri. Chumba cha wageni kilishika maji, mbegu zikaoza.

Mnauliza milioni saba na nusu ilikwenda wapi? Nyimbo 8 studio, 1,600,000. Video 3, 2,400,000. Sare za watu 38, 2,090,000, maana siku hizi kwaya isiyobadilisha sare mara tatu kwenye wimbo mmoja haionekani kama imeokoka. Iliyobaki Coaster, chakula na uzinduzi. Kila kikao mtu anasema "tuwe kama Zabron", kana kwamba wale waimbaji wa Kahama walianguka kutoka mawinguni na droni mkononi. Prodyuza wetu ndiye aliyetaka tukapige picha Daraja la Mungu, kule Rungwe, mwezi wa Aprili. Yeyote aliyewahi kupita Tukuyu na mvua za Aprili anajua nasema nini. Raba nyeupe jozi 37 ndani ya tope jeusi. Droni ikagoma kwa ukungu, tukarudi siku ya pili kwa 250,000 ambayo haikuwa kwenye bajeti. Nani alitoa? Anayekopesheka.

Nyimbo prodyuza akazipandisha kwenye chaneli yake mwenyewe. Mkataba hatukuwa nao, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, hatukwenda, tulikuwa tumeshikana mikono na kuomba. Tulipofungua chaneli yetu ikafika wafuatiliaji 611 na kukwama hapo, na YouTube wanataka 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo matangazo yaanze kukulipa. Mlezi alikuwa ametuambia hela za YouTube zinaanza siku ya kwanza. Alisikia wapi? Kwa mpwa wake.

Amapiano, sijui, muulizeni mchungaji. Kwetu tulibishana kuhusu mdundo vikao vitatu, na mkopo tukaupitisha kwa dakika kumi kabla ya sala ya kufunga. Swali la studio nalo limenitoka, na sirudi juu kulitafuta.

Simwambii mtu aache kuimba. Mimi bado naimba, sauti ya tatu, kiti kilekile. Kama wana nia, wachange kwanza mwaka mzima, fedha zikae akaunti ya kanisa yenye sahihi tatu, mrekodi wimbo mmoja kwa kilichopatikana. Mkishindwa kuchanga kabla, baada ya video hamtaweza. Na kama ni lazima kukopa, ombi liende baraza la wazee kwa maandishi, lijadiliwe, lipigwe muhuri. Utaona jinsi imani ya watu inavyopungua wakiambiwa waweke majina yao.

Umesema kikao ni Jumamosi saa nane. Usiende na slipu ya mshahara, iache nyumbani, na umwambie mkeo leo, usingoje mwezi wa tisa. Wakikuuliza, sema mwalimu mmoja wa Mbeya amekukataza, mimi matusi nimeshazoea. Halafu rudi hapa hapa kwenye uzi utuambie ilikuwaje. Bwana asifiwe.