Weka korongo mwisho, utaokoa rimu nzima ya karatasi

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo rimu usiinunue kwanza.

Umesema unataka kufundisha habari za Japani, una Darasa la Tano, watoto 60, vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana siku ya Ijumaa. Kipindi cha kwanza unawasimulia habari za Sadako Sasaki, yule msichana wa Kijapani aliyekunja korongo akiwa mgonjwa, na bomu la Hiroshima, cha pili wanakunja ndege korongo 1,000 wa karatasi wa kutundika ukumbini kabla wazazi hawajafika. Halafu ukauliza na vazi la kimono, chakula cha kuonja, salamu za Kijapani na namna ya kutoa alama. Mpango huo naujua. Huwa unakufa palepale, dakika ya 15 ya kipindi cha pili. Korongo ni somo la mwisho. Si la kwanza, si la katikati. Ukishika hilo tu, mengine utayapanga mwenyewe.

Hesabu ndiyo inayowaponza watu. Karatasi ya A4 ukiikata katikati unapata vipande viwili vya sentimita 21 kwa 14.8. Kila kipande ukikitoa mraba, unabaki na sentimita 14.8 kila upande, karibu sawa na karatasi ya kawaida ya origami, ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi, ambayo ni sentimita 15. Kwa hiyo A4 moja ni korongo wawili, na rimu ya karatasi 500 ni korongo 1,000 kamili. Inapendeza, au siyo? Ukiipeleka kwa mwalimu mkuu anasaini bila kuuliza swali.

Sasa piga hesabu ya muda. Mtu aliyezoea anamaliza korongo mmoja kwa dakika kama 5. Korongo 1,000 kwa mwendo huo ni saa 83 na dakika 20 za kazi. Wagawie watoto 60: kila mmoja korongo 17 hivi, yaani dakika 85 bila kuinua kichwa, tena kwa mikono iliyozoea. Wewe una dakika 40 na mikono ambayo haijawahi kukunja kitu zaidi ya ndege ya karatasi. Mtoto wa miaka 10 au 11 anayeanza hutumia nusu saa kwa korongo mmoja, na hapo awe na mtu wa kumwangalia. Ukumbini utatundika korongo 20 na aibu.

Pa kukwamia ni mahali pamoja tu, na ukipajua utaelewa kwa nini nakuwekea ngumu. Mwanzo hauna shida: kona kwa kona upate pembetatu, tena kona kwa kona upate pembetatu ndogo, kisha unaingiza kidole kwenye mfuko wa juu, unaufungua na kuubana uwe mraba. Unageuza, unarudia upande wa pili. Mkononi una mraba mdogo wenye kona mbili za kuangalia. Moja imefungwa, ndiyo iliyokuwa katikati ya karatasi. Inayotazamana nayo iko wazi, hapo ndipo kona zote nne za karatasi zinapokutana. Iliyo wazi lazima ielekee tumboni kwa mtoto. Kisha kingo mbili za tabaka la juu, zile zinazoanzia kwenye kona iliyo wazi, zinakunjwa mpaka mstari wa katikati. Kipembetatu kinachobaki juu nacho kinakunjwa chini ili kuacha alama, halafu vyote vitatu vinafunguliwa.

Mtoto aliyeushika mraba kichwa chini, akakunja kuanzia kona iliyofungwa, atapata umbo lilelile kwa macho. Ukipita kati ya madawati utasema "safi, endelea." Hatua inayofuata ndiyo inayomuumbua. Hapo unashika ncha ya tabaka moja tu, unaivuta juu mpaka karatasi ifunguke kama mdomo wa kifaranga, pande zinarudi ndani, linatokea umbo refu lililochongoka juu na chini. Aliyekunja kinyume hana ncha ya kuvuta. Atavuta hivyo hivyo mpaka karatasi ichanike, atalia, na jirani yake aliyepatia ataacha kazi yake amsaidie, naye apotee. Mikono ya nusu darasa itanyooshwa kwa wakati mmoja na wewe ni mmoja. Wajanja watageuza karatasi zao kuwa ndege, na kusema kweli hao ndio watakaokuwa wametengeneza kitu kinachoruka.

Kuna na suala la mraba wenyewe. Ukiwaachia watoto wakate kwa mkasi, mraba unapinda milimita 3 au 4, na kosa hilo halionekani mwanzoni. Linajitokeza mwishoni: ncha hazikutani, shingo inatoka nene, mdomo haukunjiki. Kata mwenyewe kwa rula ya chuma na wembe, karatasi tano tano, siku moja kabla. Manila usiiguse. Shingo na mkia zina tabaka nyingi zilizopandana, na manila ikifika hapo inavunjika badala ya kukunjika. Karatasi ya daftari inafaa kuliko watu wanavyodhani, ila ikunjwe mara moja tu; ukirudiarudia mkunjo inachakaa na kutoboka kwenye makutano.

Hapa naomba nimseme mtu. Simtaji, ana familia. Kuna wawezeshaji wa semina wanaosimama mbele ya walimu na projekta, wanaonyesha video iliyoharakishwa, wanasema korongo ni "hatua kumi rahisi, somo shirikishi, gharama sifuri." Kumi! Kila penye "rudia upande wa pili" hakuhesabu. Zihesabu zote kwa uaminifu zinapita 20. Na karatasi anayokunjia yeye ni nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine, kwa hiyo ndani na nje vinajionyesha vyenyewe. Wewe una rimu nyeupe pande zote. Mtoto wa dawati la nyuma hajui ipi juu ipi chini. Gharama sifuri kwa nani, mheshimiwa? Posho umechukua, rimu tumenunua sisi. Tangu hapo nikisikia neno "shirikishi" natafuta mlango.

(Ukitaka kuonyesha mbele ya darasa, chukua karatasi ya bango kitita, itoe mraba wa sentimita 60, upande mmoja uupake chaki ya rangi. Video weka kando.)

Lakini karatasi ni hasara ndogo. Kubwa ni wanachoondoka nacho watoto kichwani. Hadithi inayozunguka kwenye hizo semina inasema Sadako aliamini akikunja korongo 1,000 atapona, akafika 644 tu, akafa kabla ya kumaliza, wenzake wakamalizia. Toleo hilo lilienezwa na kitabu cha watoto cha Marekani cha mwaka 1977. Makumbusho ya Amani ya Hiroshima yanaeleza kwamba alipita 1,000 na akaendelea kukunja. Utasema tofauti ni tarakimu tu. Jiweke kwenye dawati la mtoto: kwa toleo la kwanza anaelewa kwamba angekunja haraka angepona. Na darasani kwako huenda yupo mwenye mama aliyelazwa wodini wiki hii. Atafika nyumbani atakunja karatasi, na mgonjwa asipopona atajua kosa ni la nani.

Mweleze kama ilivyokuwa. Sadako alizaliwa Januari 7, 1943. Bomu lilianguka Hiroshima Agosti 6, 1945, saa 2:15 asubuhi, yeye akiwa na miaka miwili, wala hakuonekana kuumia. Alikua, akawa mkimbiaji wa kupokezana vijiti wa darasa lake. Alianza kuugua mwishoni mwa 1954, akalazwa Februari 1955 kwa saratani ya damu iliyotokana na mionzi ya bomu. Agosti mwaka huo wagonjwa waliletewa korongo wa karatasi kuwafariji, naye akaanza kukunja wa kwake, hata kwa karatasi za kufungia dawa. Alikufa Oktoba 25, 1955, ana miaka 12. Wanafunzi wenzake wakachangisha fedha, na Mei 5, 1958 mnara wa watoto ukazinduliwa kwenye bustani ya amani ya Hiroshima. Waliofanya ujengwe ni watoto, na hilo Darasa la Tano wanalielewa vizuri kuliko hadithi ya karatasi inayotibu.

Wala korongo hakuanza na bomu. Kyoto kilichapwa kitabu cha kukunja korongo mwaka 1797, watu walikunja kwa raha zao, na korongo kwa Wajapani ni ndege wa maisha marefu, husemwa anaishi miaka 1,000. Mtoto asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini mgonjwa akunje ndege huyo na si mwingine.

Na vita vyenyewe? Ukianza na bomu, Japani inaingia darasani kwako kama nchi iliyokuwa imekaa kimya ikaangukiwa na moto. Andika ubaoni kwanza: 1931 Japani inavamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, 1937 vita kamili na China, Desemba 1941 inashambulia Pearl Harbor, kambi ya Marekani. Kisha andika Februari 12, 1944. Siku hiyo nyambizi ya Japani ilizamisha meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, ikiwa imetoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki ndani yake. Walikufa watu karibu 1,300. Mwaka huo huo askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, walikuwa Burma wakipigana na jeshi la Japani kwenye matope ya bonde la Kabaw. Wapo watoto ambao mzee wa ukoo wao alikwenda huko. Ukifika Hiroshima baada ya hapo, watoto watauliza maswali ya watu wanaojua pande zote mbili zilikuwa na wafu. Ila picha za walioungua usiwaonyeshe. Picha ya jengo lenye kuba lililobaki inatosha kwa umri huo.

Sasa utaona mwenyewe kwamba hayo yote hayaingii kwenye kipindi cha kwanza cha Ijumaa. Ndiyo maana: korongo mwisho.

Ijumaa hiyo fanya kofia. Kofia ya shujaa, kabuto, kwa gazeti. Gharama yake ni magazeti ya zamani ya ofisini. Toa mraba wa sentimita 40 hadi 50, upime kwanza kwenye kichwa cha mtoto mmoja kabla ya kukata mingine. Kunja kona kwa kona upate pembetatu, mkunjo ukae juu, ncha ielekee tumboni. Kona ya kulia na ya kushoto ziteremke mpaka kwenye ncha. Vipande hivyo viwili vipandishwe tena mpaka kileleni. Ncha zake zikunjwe nje kidogo, hizo ni pembe. Chini kumebaki tabaka mbili: ya mbele ikunjwe juu isifike kileleni, iache vidole vitatu, kisha ikunjwe juu mara ya pili iwe ukingo. Ya nyuma ikunjwe ndani. Ivae. Hakuna mahali pa kuvuta wala kufungua mfuko, na aliyekosea anaonekana kutoka mlangoni. Darasa zima linamaliza kwa dakika 20.

Na kofia ina historia inayobebeka. Nyumba za Japani zenye watoto wa kiume huweka kofia ya aina hiyo Mei 5, na tangu 1948 siku hiyo ni sikukuu ya watoto wote. Samurai, wale wapiganaji wa panga, walikuwa tabaka dogo. Watu wengi walikuwa wakulima. Watawala wa ukoo wa Tokugawa walikaa Edo, Tokyo ya leo, kuanzia 1603 mpaka 1868, na mwaka 1876 serikali mpya ikapiga marufuku kutembea na panga. Mtoto akiuliza kama Wajapani bado wanatembea na panga, na atauliza, unamwonyesha 1876 ubaoni. Angalia pia Mei 5: ndiyo siku ya mnara wa Sadako. Ukifika kwa korongo wiki ya tatu au ya nne, tarehe hiyo wanayo tayari.

Ukifika huko, korongo mmoja kwa mtoto. Mmoja. Chagua watoto 12 wenye mikono mizuri, wafundishe pembeni siku mbili kabla, kila mmoja asimamie wenzake wanne. Kipindi kimoja kiishie kwenye mraba mdogo, uuhifadhi ndani ya daftari ukiwa umeandikwa jina. Kipindi cha pili kianze na kona iliyo wazi tumboni. Pita ukague wote 60 kabla yeyote hajakunja. Ukitaka kweli wale 1,000, wafanyeni muhula mzima, mtunge kwa sindano nyuzi 25 zenye korongo 40 kila mmoja. Jiji la Hiroshima hupokea wanaotumwa kwa posta kwa ajili ya ule mnara.

Hukusema madawati yako ni ya aina gani. Kama ni yale ya kuinama au yenye nyufa, watoto wakunjie sakafuni, daftari gumu likiwa chini ya karatasi, maana mkunjo wa kwanza ukipinda hakuna hatua ya baadaye itakayounyoosha.