Babu Hakuzaliwa Mzee

Babu alipofariki akiwa na miaka 91, wasifu wake niliandika mimi. Niliuandika usiku mmoja na kuusoma mbele ya waombolezaji bila sauti kukatika. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akapata watoto sita, akastaafu, akaugua. Nusu nzima ya ukurasa ilikuwa ugonjwa: alianza kuumwa lini, akalazwa mara ngapi, hali ikabadilika vipi.

Jioni hiyo dada yake, mwenye miaka 84 na wa mwisho kubaki katika tumbo lao, aliniita pembeni. "Mjukuu wangu, umesoma vizuri. Lakini kaka yangu hukumsoma."

Niliumia. Kisha akaanza kunisimulia. Kaka yake, akiwa kijana wa miaka 17, alimvusha mto uliojaa akiwa amembeba mgongoni, maji yamemfika kifuani, huku akiimba kwa nguvu ili mtoto asisikie mngurumo. Kabla ya bibi yetu alimpenda msichana mwingine, akakataliwa, akakaa siku tatu bila kula. Mimi nilimjua Babu miaka 33 na sikuwahi kumsikia akiimba hata mara moja.

Piga hesabu nawe. Nilizaliwa yeye akiwa na miaka 58. Nilikuwa nimeandika kuhusu mzee, kwa sababu mzee ndiye niliyemkuta.

Kwa hiyo, ukipewa kazi hii, usianze na watoto wake. Anza na waliomjua kabla hajawa baba wa mtu: ndugu zake, waliofanya naye kazi, jirani wa zamani. Hao nao ni wazee, na hawatasubiri ukipata nafasi. Wataalamu wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, na ndicho kipindi hasa ambacho sisi wajukuu hatukijui.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Nilipomwambia rafiki yake mmoja, "Nieleze kuhusu Babu," nilipata sifa: alikuwa mtu wa watu, mchapakazi, mcha Mungu. Nilipouliza, "Akikasirika alikuwa anafanyaje?" mzee alicheka, akavuta kiti, tukakaa saa mbili. Uliza madogo. Nani alimfundisha kazi? Mshahara wake wa kwanza aliufanyia nini? Alimwogopa nani?

Kaa mbele ya mzee unayemhoji ili aone midomo yako. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo kupiga kelele hakusaidii sana. Zungumza taratibu, kwa sauti nzito kidogo. Omba ruhusa ya kurekodi, zima mtandao wa simu ili asije mtu akapiga katikati ya kisa, kisha nyamaza. Ukimya wa mzee mara nyingi ni safari, usimkatize. Ukimpelekea picha za zamani, andika majina nyuma ya kila picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuhamia kwenye picha nyingine.

Jiandae kwa ugomvi. Baba yangu, kifungua mimba, alilelewa na mtu mkali asiyecheka. Shangazi yangu, kitinda mimba, anasema baba yake alikuwa akikesha mlangoni kumsubiri, na akifika anamwuliza tu kama amekula. Walibishana mbele yangu hadi shangazi akalia. Wote wanasema kweli: mmoja alilelewa na kijana wa miaka 24, mwingine na mtu mzima wa miaka 45. Nilipoandika upya niliweka yote mawili, kila moja na jina la msimulizi, na ukali wa Babu sikuupunguza. Jambo moja tu nililiacha kwenye daftari langu, kwa sababu lingemwumiza mtu aliye hai.

Na sauti! Nilipobadilisha simu nilipoteza ujumbe wote wa sauti alionitumia Babu, na hilo linaniuma hadi leo. Kama unao, nakili sasa hivi, uweke sehemu tatu tofauti, moja iwe nje ya nyumba yako. Wa kwake uliobaki ni mmoja, wa sekunde 40, kwenye simu ya shangazi. "Mmefika salama? Haya, nilitaka kujua hilo tu." Kisha hakujua kuuzima. Zinasikika hatua zake, kiti kinasogezwa, halafu kwa mbali, chini kwa chini, anaimba.

Nilimpelekea dada yake Babu. Aliusikiliza mara mbili, akafumba macho, na ujumbe ulipokatika yeye akaendelea na wimbo hadi mwisho.