Kabla ya kuomba kazi, omba kuiona kazi

Tangu niandike kwamba siku hizi nazunguka madukani na maghalani kuwatafutia kazi, si huruma, vijana wenye ulemavu wa akili, usonji na mtindio wa ubongo, jumbe hazijakatika. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha kwa makusudi. Mtwara na Lindi ni kwetu sote na watu wanafahamiana.

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 23, ana ulemavu wa akili. Anafua, anapiga deki, sokoni anakwenda na kurudi mwenyewe. Nimezunguka naye madukani kuanzia stendi hadi Soko Kuu, na barua ya mtendaji wa mtaa mkononi. Wote wananiambia "acha namba, tutakupigia". Huu mwezi wa tano. Nakosea wapi? (Mama, Chikongola)

Marahaba, mama. Inayokuangusha ni hiyo barua. Mwenye duka akimwona mama kaongozana na kijana, barua ina muhuri wa mtaa, ameshaisoma kabla hujaifungua: mchango huu. Mkono unakwenda droo kutafuta noti. Mimi mwenyewe nimewahi kupewa elfu mbili sijamaliza hata salamu. "Tutakupigia" ni adabu tu ya mtu ambaye hajui la kukujibu.

Safari ijayo nenda peke yako, saa nane mchana biashara ikiwa imelala. Nunua kitu hata cha mia tano. Kisha sema: "Kaka, mimi nawatafutia vijana kazi, ila leo sijaja kuomba. Naomba dakika kumi unioneshe kazi zenu zinavyokwenda." Utashangaa. Watu wengi hawajaulizwa habari za kazi yao kwa miaka, na wakianza kueleza hawaishii dakika kumi. Wewe sikiliza. Uliza kazi ipi kila siku inabaki kiporo, ipi wafanyakazi wanasukumiana, na fundi anayelipwa zaidi anapoteza muda gani kwa kazi ambayo si ya fundi.

Nilikwenda hivyo kwenye tanuri moja la mikate. Nafasi ya kazi haikuwapo, na mwenyewe aliniambia hivyo mlangoni. Lakini ndani nilimkuta mwokaji, mtu mwenye ujuzi wake, anasugua trei kwa saa nzima kila alfajiri. Muuzaji anaacha wateja ili akafunge mikate kwenye mifuko. Na kibarua wa kuni ndiye anayebandika lebo, tena upande upande. Tulizichukua kazi tatu hizo zilizotawanyika mikononi mwa watu watatu, tukazifanya kazi ya mtu mmoja. Siku ile sikumtaja kijana yeyote. Nilimtaja ziara ya tatu.

Ukifika hapo, mama, usimsifu mwanao kwamba ni mtiifu na hana makuu. Hiyo ni sifa ya mkwe. Sema anachofanya: chumba kikubwa anakipiga deki kwa dakika ishirini na pembeni hapaachi, kurudia kazi ileile hakumchoshi, kusoma hasomi, saa anaijua kwa adhana. Asiloliweza liseme pia. Mwajiri akilijua kwako leo, wiki ya pili halitamshtua.

Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho, tuko 9. Jirani anaomba nimchukue binti yake mwenye mtindio wa ubongo, mkono wa kulia ni mzito. Naogopa ataumia. Halafu nimesikia sheria inanilazimisha kuajiri asilimia 3. (Mfanyabiashara, Masasi)

La sheria ni fupi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Wewe una 9, haikubani. (Wenye wafanyakazi 40 huniambia asilimia 3 ni mtu mmoja na kipande. Sawa, kipande wakiache, wamwajiri huyo mmoja kwanza.)

La kuumia ndilo la kukaa nalo. Hofu yako ni ya haki, ila ina mahali pake, na si kiwanda kizima. Tutembee pamoja humo ndani. Kwenye kubangua, ganda la nje lina mafuta yanayobabua ngozi. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi, au huvaa glavu. Tena ile mashine ya mkono na mguu inataka mikono yote miwili na mguu viende pamoja. Hapo si mahali pake. Kwenye tanuri la kukaushia, joto na trei nzito, napo pia hapana. Kumenya ganda la ndani kwa kisu, mkono mmoja ukiwa mzito, mjaribu asubuhi moja uone, msibishane kwa maneno. Lakini kupanga madaraja? Pale linatakiwa jicho: kokwa nzima huku, iliyovunjika huku, iliyoungua pembeni. Mkono mmoja mzima unatosha.

Na usimpime akili kwa anavyotembea au anavyotamka. Mtindio wa ubongo unashika misuli. Wako wengi ambao akili yao haina tatizo lolote, wanachoka tu kusubiriwa wamalize sentensi. Muulize yeye, usimuulize mama yake huku amekaa hapohapo.

Gharama ya kumwandalia ni ndogo: kiti chenye mgongo, meza isiyomlazimu kuinama, kitambaa kibichi chini ya sinia lisiteleze, bakuli tatu na mbele ya kila moja kokwa moja ya mfano. Usimhutubie madaraja. Muoneshe, afanye, umrekebishe palepale. Miaka ya 1970 kule Marekani, Marc Gold wa Chuo Kikuu cha Illinois aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, waliokuwa wamekatiwa tamaa, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliikata kazi vipande vipande, akaonesha kwa mikono, maneno akayapunguza. Mtu akishindwa, aliyebadilika ni mwalimu: alitafuta njia nyingine ya kufundisha. Kama breki inawezekana, kokwa za daraja la kwanza zinawezekana.

Jambo la mwisho: hakikisha umejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo si kwa ajili ya binti huyo. Hao 9 ulionao ndio walio kwenye mafuta ya korosho kila siku.

Mdogo wangu ana miaka 20, anapanga na kubeba bidhaa kwenye duka la jumla hapa Lindi. Mwezi wa nne halipwi, anapewa chakula na nauli. Tajiri anasema "anajifunza, na mimi nawasaidia asikae nyumbani". Mama anaogopa tukisema atafukuzwa. (Dada, Lindi)

Mafunzo gani ya kupanga katoni yanachukua miezi minne? Huyo anafanya kazi, alipwe.

Nenda na mtu mzima wa familia, msiende kwa ugomvi. Mshukuruni tajiri kwa kumpokea, kisha mseme: sasa kazi ameijua, tunaomba tuandikiane, siku ngapi, saa ngapi, shilingi ngapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ujira umo humo. Akikataa, ipo ofisi ya kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Msikae mwaka mzima mkisubiri moyo wake ulainike. Wamarekani walitunga sheria mwaka 1938 inayoruhusu kwa kibali maalumu kumlipa mwenye ulemavu chini ya kima cha chini. Majimbo kadhaa yameshaipiga marufuku, na ugomvi wake bado haujaisha. Sisi tusianzishe yetu kwa mazoea.

Na pesa ikianza kutoka, iingie kwenye simu yake yeye. Nimeona mishahara ikiishia kwa wajomba.

Tuna vijana sita kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu, mwakani wanatoka. Waajiri wakubwa huku ni korosho tu: vyama vya msingi, maghala, wasafirishaji. Tuwaingieje? (Mwalimu, Newala)

Mwenzangu, angalia kwanza kalenda. Minada ikishaanza Oktoba, meneja wa ghala halali, na ukimfuata na habari za vijana sita atakukumbuka kwa ubaya. Nenda Mei au Juni, wakati ghala linafagiwa na magunia yanahesabiwa. Hapo ana muda wa kukaa nawe kwenye benchi, na ndipo anapoyakumbuka yote yaliyomuudhi msimu uliopita.

Hayo ya kumuudhi ndiyo mlango wako. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, Erin Riehle, muuguzi aliyesimamia kitengo cha dharura, alikuwa na kero moja: watu wa kujaza vifaa kwenye makabati hawakukaa, kila mara anaajiri upya. Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu uleule kila siku. Akajiuliza kama vijana wenye ulemavu wa akili na ukuaji hawangeiweza wakifundishwa vizuri. Humo ukazaliwa mpango wa Project SEARCH, ambao leo uko nchi kadhaa. Nakupa kisa hiki kwa sababu kimeanzia kwenye shida ya mwajiri, ndiyo maana kimedumu. Ghala lako nalo lina makabati yake: kushona midomo ya magunia, kukusanya korosho zilizomwagika, kufagia, kupanga chaga, kugonga alama.

Halafu mchague mtu mmoja wa kuwa sura ya shule kwa waajiri. Leo mwalimu mkuu, kesho mwalimu wa zamu, keshokutwa mzazi, mwajiri anachoka kueleza upya. Mtu huyo awe na daftari: nani kaonwa, kasema nini, mtoto wake anaumwa nini, aliahidi nini. Vikao vya TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, nendeni, ila msiombe kipaza sauti. Kaeni karibu na mtu, mle naye chai. Na mkishampata mwajiri mmoja aliyeridhika, mwombeni aongee yeye. Maneno yake kumi kwa mfanyabiashara mwenzake yanafika kuliko risala yangu nzima.

Msiwapeleke sita kwa bwana mmoja. Na mfikirie Februari: msimu ukiisha, kijana anakwenda wapi? Wengine wapelekeni mapema kwenye kazi zisizojua msimu, kufua, kuosha vyombo, kufuga kuku. VETA Mtwara waulizeni pia. Cheti kifupi cha fundi kinafungua milango ambayo maneno hayafungui.

Nilimchukua kijana mwenye usonji kufua na kukunja mashuka hapa nyumba ya wageni. Kukunja hana mpinzani. Wiki ya pili jenereta liliwashwa, akaziba masikio, akapiga kelele mbele ya wageni. Wafanyakazi wanasema ana mashetani, wengine wanamwita zezeta. Nimrudishe kwao? (Meneja, Mikindani)

Usimrudishe. Hamisha kwanza meza ya kukunjia, iwe mbali na jenereta. Watu wengi wenye usonji sauti kali inawaingia kama kipigo, tena isiyotarajiwa ndiyo mbaya zaidi. Umeme ukikatika huna muda wa kumtaarifu, basi mnunulie vile viziba masikio vya mafundi, avitundike shingoni muda wote. Mwoneshe pa kwenda likiwaka, mfanye zoezi mara tatu nne siku ya utulivu. Ratiba yake iandike au ichore ukutani na usiibadilishe kwa mdomo tu.

Wafanyakazi wakae nawe robo saa. Waambie jambo hilo linaitwa usonji, na neno zezeta libaki nje ya geti. Mara nyingi mmoja wao hujitokeza mwenyewe kuwa mwenzake wa karibu. Mpe huyo jukumu hilo rasmi.

Nakueleza haya kwa sababu nimewahi kuharibu. Nilimpeleka kijana kwenye duka moja, nikapiga picha, nikafurahi, sikurudi. Wiki ya tatu zamu zikabadilishwa bila yeye kuelezwa, akakaa nje ya mlango uliofungwa tangu alfajiri, walipofungua akagoma kuingia, wakamwachisha. Mwenye duka hakuwa na kosa kubwa. Hakuwa na wa kumpigia. Sasa mwezi wa kwanza nakwenda kila siku mbili, na namba yangu inabandikwa karibu na ya fundi umeme.

Unatukataza huruma, na dini zote zinatuamrisha. Halafu hiyo mikopo ya halmashauri kwa walemavu ipo kweli? (Mzee, Kilwa)

Shikamoo mzee. Sijaikataza. Sadaka itolewe Ijumaa au Jumapili kama kawaida. Aliyefua mashuka tangu asubuhi hadai sadaka, anadai ujira wake, na habari ya kumlipa mtu kabla jasho halijakauka unaijua kuliko mimi.

Mikopo ipo. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkiwa na wazo la ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha au mwani, nendeni mkiwa mmeshaongea na mnunuzi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakalowauliza.