Kasema "usiniandike", sasa nifanyaje?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Kumbe ndo umetoka fildi mara ya kwanza na umerudi na stori nzuri yenye mwiba ndani, yule mama mfagiaji kakueleza yote kuhusu mishahara isiyolipwa, umerekodi, umeandika, afu mnaagana anakwambia "ila mwanangu jina langu usiliweke". Unauliza uliweke au usiliweke, mana wenzako wanasema alishajua we ni mwandishi kwa hiyo imekula kwake.

Kikanuni wenzako hawajakosea. Makubaliano ya kutotaja jina yanafanyika kabla mtu hajafungua mdomo. Waziri au msemaji wa kampuni akikufanyia hivyo we andika tu, hao wanaijua kazi yetu kuliko hata unavyoijua wewe. Lakini mtu ambaye hajawahi kuhojiwa maisha yake yote hizo kanuni atazijulia wapi, na akifukuzwa kazi si wewe utakayemlisha. Huyo msikilize. Ndo msimamo wangu, mhadhiri wako akibisha mwambie umetumwa na baba yako.

Sasa kutoa jina peke yake haitoshi. Kwenye rasimu uliyonitumia jina kweli hakuna, ila umeandika "mfagiaji wa zamu ya usiku, ghorofa ya 3, mama wa mapacha". Jamani! Bosi wake atashindwaje kumjua? Toa zamu, toa ghorofa, toa mapacha, na ile picha ya mikono yake ina kitambulisho cha kazi kinaning'inia pembeni, usiitumie kabisa. Rekodi usiirushe kwenye grupu la darasa hata kwa utani, sauti ya mtu inajulikana.

Na ukishaahidi umeahidi. Mark Felt wa FBI (wapelelezi wa serikali ya Marekani) alimpa Bob Woodward wa gazeti la Washington Post habari za Watergate, ile kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, kuanzia 1972, na Woodward hakumtaja mpaka Felt mwenyewe alipojitokeza 2005. Mwaka huohuo Judith Miller wa New York Times alikaa jela siku 85 kwa kugoma kumtaja aliyempa habari. Kwa hiyo usigawe ahadi ovyo kwa kila anayeona aibu tu kutajwa, uliza kwanza anaogopa nini.

Stori yenyewe nayo isimtegemee mtu mmoja. Tafuta wafanyakazi wengine, omba kuona mikataba au hati za mshahara, afu mpigie mwajiri umsomee tuhuma moja moja na umpe muda wa kujibu, akikataa andika kakataa. Mara nyingi ukifika hapo karatasi zinaongea zenyewe na huyo mama humhitaji tena hata kwa sentensi moja.

Mpigie akishatoka kazini, si akiwa kule. Mwambie jina halitoki, msomee maneno yake tu (stori nzima hapewi mtu), na akisema hata hayo yatoe, nitafute tuongee kabla hujafuta chochote.

Baba