Kwa nini bado tunaulilia mji wa The Sims 3

Umeuliza kwa nini mashabiki bado wanaulilia mji wazi wa The Sims 3, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya watu wa kubuni, wakati The Sims 4 inapendeza macho na haikwamikwami. Ndugu yangu, kilichoondoka ni mtaa wenyewe. Katika ile ya 2009 unamtoa mhusika wako mlangoni, anapanda baiskeli, anapita nyumba za majirani hadi bustani ya mji, nawe unamfuata kwa kamera bila kusubiri chochote. Ukiinua kamera unauona mji mzima: mtoto ameingia shuleni, baba yuko kazini, jirani anavua samaki, yote kwa saa ileile. Ilipokuja The Sims 4 mwaka 2014, hata kwenda kwa jirani unayeiona nyumba yake dirishani kukawa na skrini ya kusubiri.

Ni kweli mji ule uliielemea kompyuta. Mchezo uliendesha maisha ya wakazi wengi kwa mpigo, faili la kuhifadhi mchezo likavimba, wahusika wakanasa njiani. Hilo silipingi. Ila mabwawa ya kuogelea, yaliyoachwa mwanzoni katika The Sims 4, yalirudishwa mwaka huohuo wa 2014, na watoto wanaojifunza kutembea wakarudi 2017. Mji wazi haukurudi kabisa, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mimi naona wanaolalamika wana haki.

Kama kompyuta yako inaweza, ingia Sunset Valley, mji wa The Sims 3, ucheze jioni moja tu. Utatuelewa.