Jifunze kwanza kugeuza polepole, kisha ununue pikipiki kubwa

Ndugu yangu, umeuliza kama uuze Boxer yako ya cc 150 ununue pikipiki ya cc 400 au 500 kwa safari za Kondoa na Singida, ilhali bado unashusha miguu kila unapogeuza. Nakusihi uanze na kugeuza, kwa sababu kosa ambalo pikipiki nyepesi hulivumilia, ile ya kilo 200 itakulaza nalo chini.

Tafuta uwanja mtupu wenye ardhi ngumu, maana mchanga wetu wa Dodoma huteleza, kisha weka chupa mbili za maji na uzizunguke kwa umbo la namba nane ukiwa gia ya kwanza. Mkono wa mafuta uushike palepale, usiuongeze wala kuupunguza. Mwendo uutawale kwa klachi, ukiiachia mpaka pikipiki ianze kuvuta na kuibana tena kidogo, huku mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa wepesi. Breki ya mbele usiishike wakati usukani umekatwa, kwani hapo ndipo wengi huanguka. Macho yatazame unakoelekea, siyo tairi.

Katika kuchagua, kimo cha kiti na uzito vina maana kubwa kuliko cc. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina kiti cha milimita 800, na Honda CB500X cha milimita 830, ingawa uzito wake unakaribiana. Kabla ya kulipa, ikalie, isimamishe kutoka kwenye stendi, na uisukume kinyumenyume mwenyewe.