Usimuulize mtu ameionaje programu yako, muulize jana alifanya nini nayo

Ukimpa mtu wa Mbeya programu uliyoitengeneza mwenyewe, kisha ukamuuliza ameionaje, atakujibu iko vizuri sana, hongera. Atakujibu hivyo hata kama aliifuta jana yake. Si uongo huo, ni adabu. Kijana wa watu kahangaika, kakuletea mpaka dukani, hajakudai hata senti, utaanzaje kumwambia kitu chake kinakera?

Kwa hiyo ninyi mnaojifunza kuandika programu huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Makambako, na mnataka watu wazitumie kweli, kazi ngumu zaidi inaanza siku mnayoitoa programu nje. Natolea mfano ya kwangu kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Nimeiita Mbiu. Inakaa kimya kwenye kompyuta ya mezani, kila baada ya muda inazipitia tovuti za habari ulizochagua, na ikikuta kitu kipya inaibua kidirisha kwenye kona ya chini ya skrini: kichwa cha habari, jina la chombo, saa. Ukibofya, kivinjari kinakupeleka kwenye tovuti yenyewe ukasome huko. Basi. Inategemea milisho ya RSS, yaani orodha ya habari mpya ambayo tovuti huiweka ili programu ziisome, teknolojia ya tangu 1999 ambayo wengi waliona imezikwa Google walipoifunga Google Reader, programu yao ya kusomea milisho hiyo, Julai 2013. Iko hai. BBC Swahili wanao mlisho, DW Kiswahili wanao, na tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress unaupata kwa kuongeza tu /feed mwishoni mwa anwani.

Mtu ataniuliza, kompyuta ya nini wakati kila mtu ana simu? Nenda Mwanjelwa saa tano asubuhi uangalie. Dada wa steshenari, karani wa kampuni ya malori, mhasibu wa duka la pembejeo kule Uyole, hawa mchana kutwa macho yao yako kwenye kompyuta ya kazi. Simu iko chaji au iko kwenye mkoba.

Kwanza ifunguke

Usiombe maoni kuhusu kitu ambacho hakijafunguka. Linaonekana jambo dogo, lakini hapa ndipo watumiaji wengi wanapotelea, na hawarudi kukwambia.

Mashine nyingi za steshenari na za maofisi madogo bado zina Windows 7, na nyingine ni za biti 32, aina ya zamani. Kama unaandika kwa lugha ya Python, toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 3.8, kuanzia 3.9 halifanyi kazi humo. Nami naijenga Mbiu kwa 3.8 ya biti 32, ili faili lilelile lifunguke kwenye mashine ya zamani na mpya. Arifa zile nzuri za Windows 10 sizitumii, kwa sababu Windows 7 haina. Nachora kidirisha changu mwenyewe, hakipendezi sana, ila kinaonekana kila mahali.

Halafu kuna lile onyo la bluu la Windows linalosema programu haijulikani, pamoja na antivairasi zinazoshuku programu yoyote iliyofungashwa kutoka Python. Mwambie mtu kabla hajakutana nalo. Mimi hukaa naye, namwonyesha, namweleza kwamba onyo linatokea kwa sababu sijalipia cheti cha kutia sahihi programu, na msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Akikataa, nakubali. Kitu ambacho sifanyi ni kumwambia azime antivairasi. Mashine ya steshenari inachomekwa flashi za watu wa kila aina kutwa nzima. Ukimfundisha mwenye duka kuzima ulinzi ili programu yako ifanye kazi, umemwachia mlango wazi.

Kaa pembeni, funga mdomo

Kuna dada mmoja wa steshenari ya Mwanjelwa, wa kuchapa, kudurufu na kupiga picha za pasipoti. Nilimwekea Mbiu, nikapita baada ya muda nikamuuliza. "Iko vizuri, kaka. Hongera." Nikamwomba nikae tu kwenye benchi la wateja nisubiri mvua ikatike.

Alikuwa anamchapia kijana barua ya kuomba kazi. Kidirisha kikaibuka. Yeye hakukitazama hata kidogo, ila mkono wake ulitoka kwenye kibodi, ukashika mausi, ukabofya katikati ya barua, ukarudi kibodi, akafuta herufi mbili, akaendelea. Kikaibuka kingine. Mkono ukarudia safari ileile. Ameshazoea. Nikamuuliza, "Dada, hapo unabofya nini?" Akacheka. "Si hii ikija inaninyang'anya maandishi? Nisipobofya, ninachoandika kinapotea."

Kila arifa ilikuwa inachukua nafasi ya kibodi. Herufi alizokuwa anachapa ziliingia kwenye kidirisha badala ya barua, na laiti angegusa kitufe cha Enter kwa wakati huo kivinjari kingefunguka mbele ya mteja. Kwake yeye hilo halikuwa kosa la programu hata kidogo. Ndivyo ilivyo, unaizoea, kama mlango wa duka unaohitaji kusukumwa kwa goti. Marekebisho yake hayakuzidi mistari michache: kidirisha kionekane bila kushika kibodi. Lakini kwa kuuliza "umeionaje" nisingeyapata mpaka leo.

Ushauri wangu basi ni huu: omba kisa. "Mara ya mwisho ilipoibuka, ulikuwa unafanya nini? Ukafanyaje?" Mtu anayesimulia hakusifu wala hakulaumu, anakueleza yaliyotokea, na adabu yake inabaki salama. Swali la pili ninalolipenda ni la mtu wa tatu: "Na mwenzako wa zamu ya mchana, yeye anasemaje?" Hapo watu hufunguka ajabu. Mwenzake anasema hivi, mwenzake hapendi vile, mwenzake aliwahi kuizima siku nzima. Mara nyingi huyo mwenzake hayupo kabisa, au yupo na hajawahi kuigusa kompyuta hiyo. Usimbane. Andika anayosema mwenzake.

Kwa wazee ongeza uangalifu. Nina mwalimu mstaafu kule Tukuyu anayeitumia, shikamoo zangu zote zinamfikia, na bado hawezi kumwambia mtoto kwamba kazi yake ina kasoro. Yeye nampa kazi: "Mwalimu, naomba unisahihishie." Akipewa kalamu nyekundu, basi. Ndiye aliyeniambia maandishi ni madogo, kidirisha kinaondoka kabla hajavaa miwani, na kwamba niliandika "ondowa" badala ya "ondoa".

Malalamiko ni dalili

Mtu anakueleza panapouma. Kinachosababisha ni kazi yako kukitafuta, na mara nyingi kiko mbali na pale anapopashika.

Karani wa malori aliniambia mtandao wa Mbeya ni mzito, habari zinamfikia zimechelewa saa tatu. Saa tatu kamili, kila siku, kwa habari za chombo kilekile? Mtandao hauchelewi kwa nidhamu hiyo. Milisho mingi huandika muda kwa saa za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo habari iliyotoka saa mbili asubuhi hapa ilionekana imeandikwa 05:00. Habari zilifika kwa wakati. Saa ndiyo ilisomeka vibaya. Ukisikia lalamiko lenye tarakimu nzima, lishike hapo hapo.

Mwingine akasema Mbiu "inakula bando". Hili lilistahili hesabu. Chukua mlisho wa KB 50. Ukiuvuta kila dakika 5 kwa saa 10 za kazi, ni mara 120, sawa na karibu MB 6. Weka vyombo 8, umefika MB 48 kwa siku, kwenye bando la simu ambalo dada wa watu anarushia mtandao kwa hotspoti. Kila dakika 30 inakuwa MB 8. Na unaweza kushuka zaidi: seva nyingi zikikupa mlisho hukupa na alama yake, ETag. Ukirudi nayo ukauliza kama kuna jipya, na kama hakuna, seva inakujibu 304 bila kukutumia mzigo wote tena. Yeyote anayetengeneza kitu cha namna hii bila kujali 304 anawatumbulia watu fedha zao, na anawasumbua wenye tovuti bure.

La maneno ya kuchuja ndilo lililonipa kazi, na nadhani hamtalikuta kwenye mafunzo ya kigeni. Karani huyohuyo alitaka habari za bei za mafuta tu, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi na bosi wake hupanga safari za Tunduma kwa hesabu hiyo. Akaandika neno "bei". Mbiu ikamletea Beirut. Ikamletea Beijing. Ikamletea na Sheikh Abeid Amani Karume, kwani "bei" imo humo ndani ya "Abeid". Ukisema basi tafuta neno zima tu, unaponea hapo lakini unaangukia kwingine: aliyeandika "lori" hapati "malori". Ukilegeza tena ili "malori" yaingie, zinaingia "kalori" na "Florida". Kiswahili chetu kinabadilika mwanzoni mwa neno, wakati vichujio vingi vimezoea lugha zinazobadilika mwishoni. Nilifikiria kuandika kichanganuzi cha viambishi, nikaona ni makuu. Sasa Mbiu inatafuta neno zima, na inamwomba mtu aandike maumbo yote anayoyataka: lori, malori. Mkulima, wakulima. Karani anaelewa hilo kwa sekunde, na ameongeza mwenyewe orodha ya maneno ya kukataa, likiwemo "alizeti", maana mafuta ya kula hayaendeshi gari.

Mengine niyapitie haraka. Umeme ukikatika ukarudi, usimwagie mtu arifa zote zilizolimbikana; mpe moja inayosema kuna habari kadhaa mpya. Usitambue habari kwa kichwa chake, kwa sababu wahariri hubadilisha vichwa na mtu ataona habari ileile mara tatu. Tumia kitambulisho kilichomo kwenye mlisho, guid. Na weka kitufe cha kunyamazisha mahali pa wazi. Watu wakikitumia sana usinune.

Usiwachungulie

Wapo watakaokushauri programu iwe inakutumia taarifa yenyewe: nani kabofya nini, saa ngapi. Ni rahisi kuandika. Mimi sikutaka. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, habari anazosoma mtu kazini kwake hazinihusu. Mbiu inaandika kumbukumbu zake kwenye faili la kawaida ndani ya kompyuta hiyohiyo. Nikienda, namwomba mwenyewe alifungue kwa Notepad tulisome pamoja. Akitaka kufuta mistari kabla sijaiona, afute. Ninachokipata kwa njia hiyo ni kidogo, lakini kinakuja na maelezo: "Hapa niliizima maana kulikuwa na foleni ya wanafunzi." Takwimu isingeniambia habari ya foleni.

Watafute pia walioacha kutumia. Wanaoendelea watakuomba rangi na sauti za kengele. Aliyeacha anajua sababu moja iliyomtosha. Mwenye duka la pembejeo aliitoa kwa sababu ilikuwa inawaka kabla ya kompyuta yake kumaliza kuamka, na asubuhi wakulima wanasubiri risiti. Sasa inasubiri dakika chache kwanza. Hakurudi kuitumia, ila ushauri wake ndio unaowasaidia wenye mashine nzito kama yake.

Halafu kataa. Hii ni sehemu ya kupokea maoni kama zilivyo nyingine. Nimeombwa ionyeshe meseji za WhatsApp, isome habari kwa sauti, itoe matokeo ya mpira kila dakika kwa ajili ya watu wa mikeka. Kila ombi nalipima kwa yule dada wa Mwanjelwa anayechapa barua ya mtu: hiki kitamwongezea usumbufu au kitampunguzia? Kusoma kwa sauti dukani, mbele ya wateja, hapana. Mikeka, hapana, na hapo sikuhitaji hata kupima. Lakini mjibu mtu, tena kwa sababu, usimwache akidhani umesahau. Na uliyemkubalia mpelekee toleo jipya wewe mwenyewe kwa flashi, umwonyeshe kile alichokilalamikia kiko wapi sasa. Siku hiyohiyo, kabla hujanyanyuka, atakueleza jingine.